Kitulo alfajiri: mwongozo wa safari ya siku tatu kuona jua likichomoza juu ya maua

Kwetu maua huitwa na mvua. Nchi za baridi zina majira yake ya kuchipua, ambapo miti iliyokaa uchi miezi kadhaa huvaa maua kwa mkupuo. Sisi tuna nyasi zilizokauka na kuungua kwa jalidi, kisha mvua ya kwanza inapiga, na baada ya wiki chache ardhi ile ile haitambuliki. Hakuna mahali Tanzania ambapo jambo hilo linaonekana wazi kama Kitulo, uwanda wa nyasi ulioinuka mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, mikoa ya Njombe na Mbeya. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu.

Tangu 2005 uwanda huo ni Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 412.9, na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Mtanzania aliyezoea kwamba hifadhi maana yake ni simba na tembo atashangaa: hapa unatembea kwa miguu, huna haja ya kujifungia garini, na unachokuja kukitazama hakikimbii.

Mwongozo huu una lengo moja. Nataka uwe juu ya uwanda ule, umevaa vya kutosha, miguu mikavu, kabla jua halijachomoza, katika mwezi ambao maua yapo. Ukipanda kwa gari na kufika saa nne asubuhi utaona maua, na utafurahi. Lakini utakuwa umezikosa saa mbili bora kuliko zote za siku, na mchana mvua itakufukuza.

Kwanza, chagua mwezi

Mvua za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja mrefu: huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Maua yanafuata kalenda hiyo hiyo. Desemba hadi Aprili ndicho kipindi chake, na rangi hubadilika kadiri wiki zinavyopita, kwa sababu kila aina ina zamu yake. Anayekuja Desemba na anayekuja Machi hawaoni bustani moja.

Ukinitaka nichague, nitakuambia Februari. Ni katikati ya msimu, aina nyingi ziko wazi kwa wakati mmoja, na mvua za miezi miwili zimeshaijaza ardhi maji ya kutosha. Desemba inamfaa asiyetaka matope mengi na anayeridhika kuona mwanzo wa mambo. Machi na mwanzoni mwa Aprili maua bado yapo, ila barabara imeloweka mvua ya miezi na gari linahitaji dereva mzoefu.

Septemba hadi Novemba anga ni safi na kutembea ni raha, lakini uwanda ni wa rangi ya nyasi kavu. Juni hadi Agosti ni baridi kali na ukungu, na usiku kunaganda. Miezi hiyo ina uzuri wake, ila si safari hii.

Angalia pia mwezi wa angani. Usiku usio na mbalamwezi utatembea kwa tochi tupu, na mbalamwezi ikiwa kubwa utaona njia yako vizuri lakini nyota zitafifia. Mimi hupenda siku chache baada ya mwezi mpevu, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri mwezi bado uko juu upande wa magharibi na unamulika mgongoni mwako unapotembea kuelekea mashariki.

Panga siku tatu, ili upate alfajiri mbili

Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Msimu wa maua ndio msimu wa mawingu. Huwezi kuwa na kimoja bila kingine. Mtu anayepanga usiku mmoja ameweka safari nzima mikononi mwa ukungu wa asubuhi moja. Ukilala usiku mara mbili, unapata alfajiri mbili, na hata kama zote zitakuwa na mawingu, mara nyingi moja itafunguka kwa dakika kumi. Dakika kumi zinatosha.

Siku ya kwanza ni ya kupanda na kukagua mahali. Siku ya pili ni alfajiri ya kwanza, kisha matembezi marefu. Siku ya tatu ni alfajiri ya pili, chai, na kushuka.

Njia ya kufika

Anayetoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Makambako hana sababu ya kufika Mbeya. Shuka Chimala, mji mdogo ulio barabarani, kilomita kama 78 kabla ya Mbeya. Mwambie kondakta mapema, kisha mkumbushe mkishapita Makambako. Mabasi mengi yatakufikisha jioni au usiku, kwa hiyo lala Chimala. Kuna nyumba za wageni za kawaida, na asubuhi soko lipo. Nunua mchele hapo; uko ndani ya Usangu, nchi ya mpunga.

Kutoka Chimala barabara inapanda ukingo wa milima kuelekea Matamba, na inaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona zake kali. Usiipande usiku, hata dereva akikuhakikishia kwamba ameizoea. Ni ya changarawe na udongo, upande mmoja ni mlima na mwingine ni hewa, na mvua ikinyesha inateleza. Ukiwa na gari lako, liwe la kukokota magurudumu yote manne. Ukiwa huna, uliza kituoni Chimala asubuhi mapema usafiri wa Matamba. Magari hujaa na kuondoka, na ya mapema ndiyo ya uhakika. Kaa dirishani. Ukipanda kila kona, uwanda wa Usangu unazidi kutanuka chini yako, kaskazini, mpaka macho yachoke. Wenye kizunguzungu cha barabara wameze dawa nusu saa kabla.

Matamba ndio mji wa kuingilia hifadhini, katika nchi ya Wawanji. Hapo utapata chakula cha moto, nyumba za wageni na duka la kununua ulichosahau.

Anayetoka Mbeya mjini anaweza pia kupitia Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, kisha kupanda kupitia Kikondo mpaka shamba la ng'ombe wa maziwa la Kitulo. Anayetoka Njombe ana lami mpaka Makete, kisha anapanda. Njia zote mbili ni nzuri, na ya Isyonje inapita kwenye mashamba ya viazi na pareto yanayopendeza sana. Kwa aliye na gari dogo, ulizia hali ya barabara siku hiyo hiyo, kwa dereva aliyeshuka asubuhi. Taarifa ya wiki iliyopita haina maana msimu wa mvua.

Kibali na mahali pa kulala

Hifadhi iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo au kadi, kwa hiyo usitegemee fedha taslimu getini. Fanya malipo ukiwa bado kwenye mtandao mzuri, na uwe na kitambulisho chako cha taifa, kwa sababu Mwafrika Mashariki na mgeni wa nje hulipa viwango tofauti sana. Uliza pia kibali chako kinaanza kuhesabiwa saa ngapi. Ukiingia asubuhi sana siku ya kwanza, muda unaweza kuisha kabla ya alfajiri yako ya pili.

Jambo la mageti ni muhimu kwa safari ya namna hii. Mageti ya hifadhi zetu hufunguliwa saa 12 asubuhi, na saa hiyo ukiwa bado nje umeshachelewa: utakuwa unaandika jina kwenye daftari wakati anga linabadilika rangi. Kwa hiyo lala ndani. Kupiga kambi kunaruhusiwa, na ndiko ninakokushauri. Kulala Matamba ni kuzuri kwa mwili, lakini kunakunyima alfajiri.

Ukishafika, mweleze askari wa hifadhi waziwazi: "Nataka kutoka kambini saa kumi na moja alfajiri kwenda kuona jua. Ni wapi panafaa, na nani anaweza kunisindikiza?" Wao wanajua mgongo gani wa mlima una njia kavu na bonde gani lina tope la kufika magotini. Chukua mwongoza wageni. Giza na ukungu kwenye uwanda usio na miti hupoteza hata mtu aliyepita mchana.

Cha kubeba

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Usangu iko kwenye mita 1,100 hivi, Kitulo 2,600. Yaani hali ya hewa ya chini ukiipandisha juu unaipunguzia nyuzi tisa kabla hujahesabu upepo wala umande. Mtu wa pwani anayebeba sweta moja atateseka.

Vaa tabaka. Fulana ya mikono mirefu isiyo ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa haikauki na inanyonya joto la mwili. Juu yake sweta zito la sufu. Juu kabisa koti la mvua lisilopitisha maji wala upepo. Soko la mitumba la Mbeya au Makambako lina makoti mazuri ya baridi kwa bei ya chini kuliko duka lolote. Kofia ya sufu, glavu, skafu au kanga ya kujifunga shingoni. Suruali mbili, moja ikae kavu siku zote ndani ya mfuko wa nailoni na isivaliwe ila hemani.

Kwa miguu, watu hubishana. Wengine wanapenda viatu vya kupandia mlima. Mimi kwa alfajiri ya Kitulo nachagua gambuti. Nyasi zina umande wa kufika gotini, na hakuna kiatu cha ngozi kinachostahimili nusu saa ndani yake. Vaa soksi mbili nene ndani. Viatu vya kawaida vihifadhi kwa matembezi ya mchana.

Hema liwe na kifuniko cha nje kinachofika chini, na chini yako kuwe na godoro jembamba la sponji. Baridi ya usiku hupanda kutoka ardhini, na blanketi tatu juu hazitasaidia kama chini hakuna kitu. Tochi ya kichwani na betri za ziada. Simu ilale ndani ya blanketi pamoja nawe, kwa maana baridi huishusha chaji upesi. Mafuta ya kukinga jua pia, hata kwa ngozi nyeusi: hewa ya juu ni nyepesi na jua la saa tano huunguza pua na masikio.

Chakula kiwe cha kuiva haraka. Kwenye urefu ule maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100, kwa hiyo maharage yatakumalizia gesi kabla hayajalainika. Beba mchele, mayai, chapati, karanga, ndizi, na viazi vya Matamba ambavyo vimelimwa hapo hapo. Viazi vichemshwe jioni, vingine viwekwe kwa asubuhi. Na chupa ya chai, ile inayotunza joto usiku kucha. Jaza chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha kabla ya kulala; alfajiri hutaki kuanza kuwasha jiko.

Jioni ya kwanza: tafuta mahali pako kukiwa bado mwanga

Fika kambini kabla ya saa tisa alasiri, simamisha hema, kisha nenda ukakague. Usiache kazi hii kwa sababu umechoka.

Unatafuta mambo matatu. La kwanza ni mgongo au mteremko ulioinuka, si bonde. Usiku hewa baridi ni nzito, huteremka na kujikusanya mabondeni, na ukungu huzaliwa humo. Mita 50 tu juu ya bonde zinaweza kukutoa ndani ya ukungu na kukuweka juu yake, na huko ndiko utakakoona jambo ambalo watu hulitafuta: jua linatokea, na chini yako kuna ziwa jeupe la mawingu lenye vilima vinavyochungulia.

La pili ni upande wa mashariki ulio wazi. Zingatia kwamba Desemba na Januari jua halichomozi mashariki kamili bali kusini kidogo ya hapo, nyuzi 20 hivi. Likikaribia tarehe 20 Machi ndipo linatokea mashariki halisi. Kama kuna kilima upande wa kusini-mashariki, kitalichelewesha jua lako la Januari kwa robo saa au zaidi.

La tatu ni maua yenyewe, yawe mbele yako, kati yako na mashariki. Hili ndilo linalosahaulika. Mwanga wa asubuhi ukipita ndani ya petali kutoka nyuma huzifanya zing'ae. Ukizimulika kwa mbele zinakuwa za kawaida. Tafuta mahali ambapo unaweza kusimama au kuchuchumaa kwenye njia iliyokwishakanyagwa, na maua yakawa pembeni yake. Kama huwezi kuyaona vizuri bila kuyakanyaga, tafuta mahali pengine.

Weka alama ya njia ya kurudi: hesabu hatua, angalia jiwe, angalia mkondo wa maji. Kisha rudi, kula mapema, lala saa mbili usiku.

Alfajiri

Jua la Kitulo huchelewa kwa mtu wa Dar. Uko magharibi zaidi kwa nyuzi tano hivi za longitudo, na hizo ni kama dakika 20. Mwanzoni mwa Desemba linachomoza karibu saa 12 na robo. Katikati ya Februari ni karibu saa 12 na dakika 45. Nitatumia Februari hapa. Kwa Desemba, tangulia nusu saa kwa kila kitu.

Amka saa kumi na nusu. Valia ndani ya blanketi, usitoke kwanza. Kunywa kikombe cha chai, kula kiazi na kitu chenye chumvi. Ukihisi kichwa kizito au pumzi fupi, ni urefu wa mahali. Kunywa maji, tembea polepole, kwa kawaida hupungua. Kichwa kikizidi kuuma na ukawa unatapika, achana na jua na ushuke Matamba.

Saa kumi na moja ondoka. Usifunge koti mpaka juu wakati unatembea, maana jasho utakalotoa njiani ndilo litakalokugandisha ukisimama. Funga ukishafika. Tembea kwa mstari mmoja, mwongoza wageni mbele.

Saa kumi na moja na nusu hadi robo tatu uwe umefika. Anga la mashariki litakuwa limeanza kupauka. Zima tochi. Macho yanahitaji dakika kadhaa kuzoea, na mwanga wa tochi unayarudisha nyuma kila unapouwasha.

Kuanzia saa kumi na mbili na dakika kumi hivi rangi zinaanza kujitokeza ardhini. Nyekundu haionekani kwanza. Utaona vyeupe: okidi nyeupe na maua madogo ya jamii ya alizeti yanakuwa madoa ya mwanga juu ya nyasi nyeusi. Inama unuse. Okidi nyingi za jenasi (kundi la aina zenye undugu) ya Habenaria huchavushwa na nondo, na harufu yake huwa kali usiku na alfajiri, kisha hufifia jua likipanda. Anayefika saa nne hajui kwamba zina harufu kabisa.

Dakika 20 kabla ya jua ndipo anga linapokuwa na rangi nyingi kuliko wakati wowote. Wengi hungoja duara lenyewe na kusahau kutazama hapo. Geuka pia utazame magharibi: utaona ukanda wa samawati iliyokolea ukiwa chini, na juu yake waridi. Ule ukanda wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kikishuka.

Jua likitokea, liache dakika mbili bila kushika simu. Kisha fanya kazi yako. Simu nyingi zitafanya anga liwe zuri na ardhi iwe nyeusi; gusa kioo pale penye maua ili mwanga upimwe hapo. Piga chini, usawa wa ua, ukilielekea jua, na ua lenyewe lizibe jua. Usitumie mwanga wa simu. Futa kioo cha kamera kila mara, umande hukiziba.

Na ukungu usipofunguka? Kaa. Saa moja zaidi. Mara nyingi jua likishapanda kidogo linaupasua ukungu vipande vipande, na mwanga unaopita kwenye nyufa hizo ni mzuri kuliko jua la anga tupu. Hata usipopasuka, ukungu ndio wakati wa kutazama kilicho karibu: tone la umande kwenye kila unywele wa jani, buibui waliofuma usiku kucha kati ya mashina. Huhitaji upeo wa macho kwa hayo.

Kutazama maua kwa utaratibu

Kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi ni wakati wa maua. Mwanga bado uko chini, upepo haujaanza, na yale yaliyojifunga usiku yanafunguka mbele ya macho yako.

Tafuta kwanza ua refu linalosimama kama mwenge, machipukizi mekundu au ya chungwa juu na njano chini. Hiyo ni Kniphofia. Chunguza kwa nini ina rangi mbili: maua ya chini yamefunguka kwanza, ya juu bado. Simama kimya mita tano mbali nayo, na ndege wa chozi watakuja kunywa asali. Kuna mishubiri, protea, jerania, yungiyungi, na lobelia kubwa zinazosimama juu ya nyasi. Zaidi ya aina 30 za mimea ya hapa hazipatikani kwingine ila kusini mwa Tanzania.

Okidi zinahitaji jicho la subira. Usitarajie zile kubwa za dukani. Hizi ni za ardhini, nyingi hazizidi urefu wa mkono, na huchomoza katikati ya nyasi kwa shina moja lenye maua madogo mengi. Jenasi tatu utakazozikuta ni Disa, Satyrium na Habenaria. Njia rahisi ya kuanza: Satyrium ina mikia miwili midogo nyuma ya kila ua, na Habenaria huwa na mmoja mrefu, mwembamba. Ndani ya mikia hiyo mna asali, na urefu wake unakuambia mdomo wa mdudu anayeifikia.

Inua pia macho. Msimu huu mbayuwayu buluu huja kuzaliana kwenye nyasi za Kitulo, na tandawala, ndege mkubwa, hutembea uwandani akiinua shingo.

Viazi vya okidi, na kwa nini using'oe kitu

Okidi hizi huishi kiangazi na jalidi zikiwa chini ya ardhi, zimejihifadhi ndani ya kiazi kidogo. Mvua ikija, kiazi kinatoa shina. Kiazi hicho hicho ndicho kilichokaribia kuzimaliza. Zambia kuna chakula kinachopendwa sana, chikanda, kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi vilivyosagwa pamoja na karanga. Okidi za Zambia zilipopungua, wachuuzi wakavuka mpaka, na mamilioni ya viazi yakawa yanachimbwa kwa mwaka katika Nyanda za Juu Kusini. Biashara hiyo ni moja ya sababu kubwa za Kitulo kufanywa hifadhi.

Ukichimba kiazi, mmea umekufa. Na mbegu za okidi ni ndogo mithili ya vumbi, hazina akiba ya chakula. Ili ziote zinahitaji kuvu maalumu aliyeko kwenye udongo ule. Ndiyo maana okidi ya porini uliyoihamishia kwenye kopo la Dar au Mbeya itakaa wiki chache na kufa. Kwa hiyo usichimbe, usichume hata ua moja la kuweka kwenye nywele, na ukiuziwa kiazi au mche barabarani, kataa kwa heshima. Ukitaka kuwasaidia watu wa Matamba, nunua viazi mviringo, asali na matofaa, walipe waongoza wageni vizuri, ule kwa mama lishe.

Mchana wa siku ya pili

Rudi kambini saa tatu, kula chakula cha moto, kausha soksi. Kisha chagua kimoja tu. Wenye miguu imara waende Mtorwi, kilele cha mita 2,961, kirefu kuliko vyote Nyanda za Juu Kusini. Sikushauri kukipanda gizani kwa ajili ya jua katika msimu huu. Mteremko unateleza na mawingu hukizingira. Wengine watembelee bonde la Numbe na maporomoko ya maji.

Msitu wa Livingstone nao ni wa siku nyingine kabisa. Humo anaishi kipunji, kima wa mitini ambaye wanasayansi walimtambua 2003 hapa na mlima Rungwe, wakamtangaza 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kumtafuta kunataka subira na mwongoza wageni anayejua sauti yake. Usiuchomeke msitu huo kwenye saa mbili za alasiri.

Popote uendapo, uwe umerudi saa nane. Mvua za mchana huja na radi, na kwenye uwanda usio na miti wewe ndiye unayekuwa kitu kirefu. Ukisikia ngurumo ukiwa juu ya mgongo wa mlima, shuka upesi kwenye mteremko, usijifiche chini ya mti mmoja uliojitenga, weka fimbo ya chuma mbali, na msikae mkiwa mmebanana.

Kushuka

Siku ya tatu, baada ya alfajiri yako ya pili, usikimbilie kufunga hema. Liache jua lilikaushe mpaka saa tatu hivi, ukiwa unakunywa chai. Zoa kila kitu, pamoja na maganda ya ndizi na mayai, maana kwenye baridi ile huoza polepole sana.

Ondoka mapema kiasi cha kufika Chimala kabla ya saa nane, ili Hamsini na Saba uishuke ikiwa kavu. Dereva atumie gia ndogo, asikanyage breki muda wote. Anayekwenda Dar apige simu kwa wakala wa basi Mbeya tangu asubuhi, akatiwe kiti na aseme kwamba atapandia Chimala. Basi lililojaa halisimami. Na aliyebakiwa na siku moja au mbili anaweza kuendelea kwa miguu kutoka Kitulo kuvuka milima ya Livingstone hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ni mwendo wa siku nzima, wa kuteremka zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo mpange na mwongoza wageni tangu siku ya kwanza, na kucha za miguu zikatwe fupi.